Kabla ya Kusoma Matokeo, Soma Mfuko wa Chakula cha Panya

Kichwa cha habari kinasema chakula chenye mafuta mengi kimewaletea panya kisukari. Msomaji anaguna, anafunga ukurasa, na pengine jioni hiyo anapunguza mafuta kwenye sufuria. Kuna swali dogo ambalo hakuuliza: wale panya wengine, ambao hawakuugua, walikuwa wanakula nini?

Jibu lake ndilo linaloamua kama utafiti ulipima mafuta, au sukari, au ukosefu wa nyuzinyuzi, au vyote kwa mkupuo bila wenyewe kujua. Katika tafiti za unene na kisukari zinazotumia wanyama, akili nyingi humiminwa kwenye chakula cha kunenepesha, halafu kundi linganishi linapewa chochote kilichopo stoo. Hapo ndipo kazi nyingi huharibika, tena kabla panya wa kwanza hajapandishwa kwenye mizani.

Tuelewane kwanza kuhusu majina. Kiswahili kinawaita wote panya, lakini maabara zinatumia wanyama wawili tofauti: panya mdogo, ambaye akikomaa ana gramu 25 hadi 30 hivi, na panya mkubwa, ambaye huzidi gramu 300. Hawanenepi sawa wala hawaugui sawa. Makala haya yatazungumza zaidi juu ya yule mdogo, maana ndiye anayebeba sehemu kubwa ya mzigo.

Chakula cha kila siku cha maabara ni cha nafaka. Ngano, mahindi, soya iliyokamuliwa na majani makavu ya alfalfa, wakati mwingine na unga wa samaki, husagwa na kushindiliwa kuwa vidonge vigumu. Kina nyuzinyuzi nyingi, mara nyingi asilimia 15 hadi 20 ya uzito, zikiwemo zile ambazo bakteria wa utumbo huzichachua. Soya inaleta viambata vinavyofanana na homoni ya estrojeni, na kiasi chake hubadilika kutoka shehena moja hadi nyingine kwa sababu shamba halitoi mazao yaleyale kila msimu. Mara nyingi fomula kamili ni siri ya mtengenezaji. Mficha uchi hazai, na mtafiti anayelisha wanyama wake fomula ya siri hawezi kueleza baadaye nini kilizaa nini.

Upande wa pili kipo chakula cha viambato vilivyosafishwa. Protini inatoka kwenye kaseini, wanga kwenye wanga mtupu wa mahindi, mafuta kwenye chanzo kinachotajwa kwa jina, na nyuzinyuzi kwa kawaida ni selulosi peke yake. Kila gramu inajulikana, na mtu mwingine anaweza kukitengeneza upya miaka 20 baadaye. Fomula za msingi za aina hii, zenye jina la Taasisi ya Lishe ya Marekani (AIN), ni AIN-76 ya mwaka 1977, kisha AIN-93 ya mwaka 1993, iliyogawanywa mbili: G kwa wanyama wanaokua na wenye mimba, M kwa waliokomaa.

Vyakula vya kunenepesha vinavyonunuliwa tayari, karibu vyote ni vya aina hii ya pili. Kwa hiyo maabara inayowapa kundi moja chakula cha mafuta kilichosafishwa na kundi lingine vidonge vya nafaka imebadilisha mambo kumi kwa wakati mmoja. Mafuta ni mojawapo tu.

Nyuzinyuzi zinatosha kuonyesha ukubwa wa tatizo. Mnyama akihamishwa kutoka kwenye nafaka kwenda kwenye chakula chenye asilimia tano ya selulosi pekee, utumbo mpana unafupika na ule mfuko ulio mwanzoni mwake unasinyaa. Haihitaji miezi, siku chache tu zinatosha, na hutokea hata kama chakula hicho kina mafuta kidogo. Selulosi haichachuki vizuri, hivyo bakteria wanakosa chakula na utumbo unakosa asidi fupi za mafuta wanazozalisha. Ukiweka inulini, aina nyingine ya nyuzinyuzi ambayo inachachuka, sehemu kubwa ya madhara hayo hurudi nyuma. Sasa fikiria idadi ya ripoti zinazodai kwamba mafuta yameharibu bakteria wa utumbo, ilhali kundi linganishi lilikuwa likila ngano na alfalfa. Huenda dai ni kweli, ila utafiti wenyewe haukulipima.

Tukitazame kwa karibu chakula kimoja maarufu cha kunenepesha, chenye namba ya dukani D12492, ambacho asilimia 60 ya nishati yake inatoka kwenye mafuta. Mapishi yake ya awali yana gramu 200 za kaseini, gramu 245 za mafuta ya nguruwe, gramu 25 za mafuta ya soya, gramu 125 za maltodekstrini, gramu 68.8 za sukari na gramu 50 za selulosi. Ukiongeza madini, vitamini na vikorombwezo vingine, jumla ni gramu 773.85. Mbona si kilo moja kamili? Kwa sababu aliyeyatunga alihesabu kwa nishati. Mapishi hayo yanabeba kilokalori zipatazo 4,057, na pacha wake mwenye mafuta kidogo anabeba kilokalori zilezile ndani ya gramu 1,055.05. Kaseini ni gramu 200 kwa wote wawili, na mchanganyiko wa vitamini na madini ni uleule. Panya hula mpaka atosheke nishati, si uzito. Anayehitaji kilokalori 12 kwa siku atakula gramu 2.3 za chakula cha mafuta, ambacho kina kilokalori 5.24 kwa gramu, au gramu 3.1 za kile chenye 3.85. Kwa hesabu hiyo wote wanapata protini na vitamini sawa.

Yule anayeokoa fedha kwa kuchanganya mafuta ya nguruwe na vidonge vya nafaka vilivyosagwa hana ulinzi huo. Chukua gramu 100 za chakula cha nafaka chenye kilokalori 300, protini gramu 20 na mafuta gramu 5. Ongeza gramu 40 za mafuta. Nishati imefika kilokalori 660, na asilimia 61 yake inatoka kwenye mafuta, kwa hiyo kwenye karatasi umepata chakula cha kunenepesha kinachofanana na cha dukani. Lakini protini iliyokuwa ikitoa asilimia 27 ya nishati sasa inatoa 12. Vitamini na madini kwa kila kilokalori vimeshuka chini ya nusu. Mnyama huyo anakua vibaya, ini lake linabadilika, na mtafiti anaandika kwamba ni athari za mafuta. Ni mafuta pamoja na upungufu wa kila kitu kingine.

Hata anayenunua chakula kilichosafishwa kwa makundi yote mawili bado ana shimo la kukwepa. Kwa miaka mingi D12492 imelinganishwa na D12450B, chenye asilimia 10 ya nishati kutoka kwenye mafuta. Inaonekana sawa mpaka usome mstari wa sukari. D12450B ina gramu 350 za sukari, yaani asilimia 35 ya nishati, wakati chakula cha mafuta kina asilimia saba. Kundi linaloitwa la kawaida linakula sukari mara tano ya kundi la wagonjwa! Chakula kinacholingana nacho kipo, kinaitwa D12450J, na tofauti ya jina ni herufi moja ya mwisho.

Wapo watakaotetea wakisema sukari haina uzito mkubwa kwa panya. Wana hoja. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti mpana uliowalisha panya wadogo vyakula 29 vilivyopangwa kwa ngazi za mafuta, protini na sukari. Kilichoongeza ulaji na unene wa mwili kilikuwa mafuta, si sukari wala upungufu wa protini. Ni kazi nzuri, na ilifika hapo kwa sababu kila kiambato kilipandishwa peke yake huku vingine vikidhibitiwa. Lakini unene ni kipimo kimoja tu. Mwenye kuchunguza mafuta ya ini, au jinsi ini linavyotengeneza mafuta kutokana na sukari, hawezi kuuacha mstari huo wa sukari bila kuuangalia kisha akajificha nyuma ya utafiti wa mtu mwingine.

Hakuna anayelieleza jambo hili vizuri kuliko panya mnene wa jangwani, Psammomys obesus. Porini, kwenye majangwa ya Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, anaishi kwa kutafuna majani ya mimea ya chumvi, yenye maji mengi na nishati kidogo. Ni mzima wa afya. Mwaka 1964 wanasayansi waliripoti katika jarida la Science kwamba mnyama huyo akipewa vidonge vya kawaida vya maabara, vilevile ambavyo panya wengine hula maisha yao yote bila shida, anapata kisukari. Hakuongezewa mafuta ya nguruwe wala sukari. Chakula cha kundi linganishi ndicho kilichokuwa sumu. Baada ya habari ya mnyama huyu, ni vigumu kuelewa kwa nini bado kuna ripoti zinazoandika "chakula cha kawaida" na kuishia hapo.

Mnyama naye ni sehemu ya chakula, kwa maana kwamba chakula kilekile hakifanyi kazi sawa kwa nasaba tofauti. Panya wa nasaba iitwayo C57BL/6J hunenepa na sukari ya damu yake hupanda, wa nasaba ya A/J hustahimili. Kwa kawaida madume huanzishwa wakiwa na wiki sita na kulishwa wiki 12 hadi 16. Majike wa nasaba hiyohiyo hunenepa polepole na sukari yao hupanda kidogo, jambo lililofanya miaka mingi ya utafiti ijengwe juu ya madume tu. Kuna mtego mwingine kwenye herufi ya mwisho. C57BL/6J na ndugu yake C57BL/6N, yaani nasaba ya J na ya N, zilitengana mwaka 1951, na baadaye ile ya J ikapoteza kipande cha jeni iitwayo Nnt, upungufu unaohusishwa na kongosho kutoa insulini kidogo linapopata glukosi. Anayebadilisha jeni kwenye panya wa N kisha akamlinganisha na panya wa J aliyenunuliwa anaweza kugundua ugonjwa ambao jeni yake haikuuleta.

Joto la chumba nalo limo. Binadamu aliyevaa nguo anajisikia vizuri kwenye nyuzi 22 za Selsiasi. Panya mdogo anatetemeka kimyakimya. Kiwango chake cha starehe kinakaribia nyuzi 30. Kwenye 22 anachoma sehemu kubwa ya chakula chake ili apate joto tu, hasa kupitia mafuta ya kahawia. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba panya waliokosa protini ya UCP1, inayozalisha joto hilo, walinenepa pale walipowekwa kwenye joto la starehe; kwenye baridi ya kawaida ya maabara tabia hiyo ilikuwa imefichika. Mweke mnyama peke yake kizimbani ili upime ulaji wake, na umemwondolea pia joto la wenzake.

Ulaji wenyewe hupimwa vibaya kuliko watu wanavyokiri. Chakula chenye asilimia 60 ya mafuta ni laini kama siagi ngumu. Panya anakisaga, anakivunjavunja, anakipaka kwenye manyoya mpaka yang'ae. Ukiinua kizimba unaona chembe za buluu zimetapakaa kwenye maranda. Rangi hiyo imewekwa ili vyakula visichanganywe, na inasaidia sana kuona kilichomwagika. (Inaharibu pia nia yoyote ya kumficha mpimaji asijue kundi lipi ni lipi.) Nusu gramu iliyomwagika kwa siku ni kilokalori 2.6, zaidi ya moja ya tano ya mahitaji ya mnyama wa kilokalori 12. Asiyechekecha maranda na kupima mabaki atahesabu kwamba yote yaliliwa, kisha atashangaa kwa nini panya wanaokula sana hivyo hawanenepi inavyotarajiwa. Chakula hiki pia huchacha. Kikae kwenye friza, kibadilishwe kizimbani mara mbili kwa wiki, na kamwe kisichemshwe kwa mvuke wa kuua vijidudu, maana vidonge vitayeyuka. Miale ndiyo hutumika.

Kosa la kipimo linalostahili kelele zaidi liko kwenye jaribio la kustahimili glukosi. Desturi ni kumchoma mnyama gramu mbili za glukosi kwa kila kilo ya uzito, kisha kupima damu ya mkia kwa saa mbili. Tuseme panya mnene ana gramu 48 na mwembamba 30. Wa kwanza anapata miligramu 96, wa pili miligramu 60. Tofauti ya uzito wao karibu yote ni mafuta, ambayo hayachukui glukosi nyingi. Misuli, inayofanya kazi hiyo, inakaribiana. Kwa hiyo umempa mnyama mwenye misuli ileile glukosi zaidi kwa asilimia 60, na mstari wake wa sukari ukipanda juu unaandika kwamba ana kisukari. Pengine anacho. Lakini sehemu ya mwinuko huo umeichoma wewe mwenyewe kwa sindano. Toa dozi kwa uzito wa tishu zisizo za mafuta, au wape wote dozi moja isiyobadilika, na upime insulini pia angalau mwanzoni na dakika ya 15.

Kufunga nako kuna kanuni yake. Usiku kucha bila chakula ni jambo la kawaida kwa binadamu kabla ya kipimo, lakini panya mdogo hula zaidi usiku. Ukimnyima usiku mzima anaweza kupoteza asilimia 15 ya uzito na kumaliza akiba yote ya sukari kwenye ini. Kufunga kwa muda wa saa nne hadi sita wakati wa asubuhi kunatosha. Yote haya ni mambo ya kawaida kwa wanaofanya kazi hii kila siku, na bado ripoti nyingi hazisemi mnyama alifunga kwa muda wa saa ngapi.

Hata ukirekebisha yote hayo, bado kuna mambo ambayo chakula peke yake hakiwezi kukuonyesha. C57BL/6J aliyenenepa anapata usugu wa insulini, insulini inapanda sana, sukari inapanda kiasi, basi. Hafiki kirahisi kwenye kisukari kamili, kwa sababu seli zake za beta, zile za kongosho zinazotengeneza insulini, huongezeka kwa wingi kukidhi mahitaji, uwezo ambao mtu mzima anao kidogo mno. Tena amilini ya panya, homoni inayotolewa pamoja na insulini, haigandi kuwa utando ndani ya kongosho. Ya binadamu huganda, na ya paka pia. Ndiyo maana watafiti huongeza streptozotosini, dawa inayoua seli za beta, kwa dozi ndogo baada ya kunenepesha. Utaratibu uliochapishwa mwaka 2005 ulitumia panya wakubwa waliokula chakula cha mafuta wiki mbili, kisha wakachomwa miligramu 35 kwa kilo. Dawa hiyo huyeyushwa kwenye bafa ya sitrati yenye pH 4.5 na hudumu dakika chache, hivyo huandaliwa kidogo kidogo na kutumika papo hapo. Anayeandaa chupa moja kwa wanyama 40 atakuta wa kwanza wameugua na wa mwisho hawana kitu. Akizidisha dozi, seli za beta zinakufa, na anachobaki nacho kinafanana zaidi na kisukari cha aina ya kwanza kwa mnyama aliyewahi kuwa mnene.

Pamoja na kasoro zake, mfano wa chakula bado una faida juu ya mifano ya jeni moja. Panya wa ob/ob, aliyegunduliwa mwaka 1949 huko Bar Harbor, Marekani, ananenepa kupita kiasi kwa kukosa leptini, homoni iliyotambuliwa mwaka 1994. Alifungua mlango mkubwa wa elimu, lakini watu wengi wanene wana leptini nyingi, hawana upungufu wake. Panya aliyenenepeshwa kwa chakula naye ana leptini nyingi, na hilo linamfanya awe karibu nao zaidi. Ila usimwombe akujibu asichokijua. Dawa ya rimonabanti ilipunguza uzito wa panya na ikapunguza uzito wa watu, ikaruhusiwa Ulaya mwaka 2006. Mwaka 2008 ikaondolewa sokoni kwa sababu ya huzuni kali na mawazo ya kujiua. Panya wanene wanaweza kukuambia kama uzito unashuka, lakini hakuna mizani inayopima huzuni ya mtu.

Miongozo ya ARRIVE, iliyotolewa mwaka 2010 na kusahihishwa 2020, inawataka watafiti waeleze kwa kina jinsi wanyama walivyotunzwa. Kwa tafiti za lishe hilo lisiwe ombi. Mhariri anayepokea andiko lisilotaja namba ya chakula kwa makundi yote mawili, nishati kwa gramu, sukari, aina ya nyuzinyuzi, joto la chumba na herufi ya nasaba, alirudishe kabla ya kulipeleka kwa wahakiki. Na andiko lililotumia nafaka upande mmoja na chakula kilichosafishwa upande wa pili lisiruhusiwe kuweka neno "mafuta" kwenye kichwa chake kana kwamba ndiyo yaliyopimwa.

Upande wa pili watajibu kwamba chakula kilichosafishwa chenye mafuta kidogo nacho si cha afya. Wanyama wanaokila wanaweza kunenepa kuliko wanaokula nafaka. Ni kweli kabisa, na dawa yake ni kundi la tatu. Vizimba vya nafaka viwepo, vya mafuta kidogo yaliyolinganishwa viwepo, na vya mafuta mengi viwepo. Kila kundi likichorewa mstari wake kwenye grafu, umbali kati ya mstari wa pili na wa tatu ndio wa mafuta. Umbali kati ya wa kwanza na wa pili ni wa nyuzinyuzi, soya, sukari na vingine vyote visivyo mafuta. Katika grafu nyingi zilizochapishwa mpaka leo, mstari huo wa pili haupo.